Andika Kilichosemwa

Asubuhi ya Mbalizi ina baridi ya kung'ata. Mzee Bushiri alifungua duka lake la vitambaa saa moja na nusu, kama kila siku. Alitundika vitenge mlangoni. Akafuta kaunta. Barabarani lori moja la kwenda Tunduma lilipiga honi ndefu, watu wakaruka pembeni. Mzee Bushiri hakugeuza hata shingo, kwa sababu hakuisikia.

Miaka minne iliyopita aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio yake hayakupona. Dukani alimudu. Mteja alionyesha kitambaa kwa kidole, kisha akaonyesha mita ngapi anataka, na Mzee Bushiri akakata. Shida ilikuwa nyumbani.

Nyumbani watu huongea. Huongea wakila, wakipepeta mchele, wakifua. Mzee Bushiri alikaa katikati yao akitazama midomo. Wakicheka, aliuliza kwa sauti kubwa, "Mnacheka nini?" Mke wake, Bi Shufaa, alimpungia mkono, maana yake hakuna kitu. Si kwamba hakumpenda. Bi Shufaa hakupata shule ya kutosha. Herufi anazijua, lakini sentensi moja humchukua muda hadi chai inapoa. Kwa hiyo kwa miaka minne mume na mke waliongea kwa mikono tu. Waliongea habari za chakula, mvua na wageni. Mengine yalibaki kifuani.

Binti yao Nusrat, mwenye miaka ishirini na miwili, aliyaona hayo yote. Alijaribu kumwandikia baba kwenye karatasi, lakini kabla hajamaliza watu walishahamia habari nyingine. Ndiyo maana aliposikia kuna chuo kidogo Iringa kinafundisha hatimkato ya mashine, aliomba nafasi na akapata.

Labda hujawahi kuiona mashine hiyo, kwa hiyo nikueleze. Ni ndogo, inakaa mapajani. Vitufe vyake havifiki thelathini, na juu yake hakuna herufi. Mwandishi habonyezi kimoja kimoja kama kwenye simu. Anabonyeza kadhaa kwa pamoja, na kila akibonyeza mara moja anapata silabi nzima au hata neno zima. Waya unapeleka kazi hiyo kwenye kompyuta, na maneno yanatokea kwenye skrini huku msemaji bado anasema. Asiyesikia anasoma. Ni kazi ya heshima. Ila kuvifundisha vidole huchukua miezi mingi, na sitakudanganya, wengi huishia njiani.

Chuo kilikuwa na mashine sita na wanafunzi kumi na mmoja. Walioanza kupewa mashine walikuwa na sharti. Baada ya miezi sita watafanya mtihani. Msomaji atasoma maneno themanini kwa dakika, kwa dakika tano. Katika kila maneno mia, mwanafunzi apatie tisini na tano. Akishindwa atarudia mara moja. Akishindwa tena, anarudisha mashine na inakwenda kwa anayesubiri.

Nusrat alipatia hamsini na mawili.

Alirudi Mbalizi siku ya Jumamosi, mashine ikiwa ndani ya begi, begi likiwa kifuani. Mama yake alimpokea mlangoni.

"Umefaulu?"

"Bado, Mama. Nimepewa wiki tatu nikarudie."

"Na ukikosa tena?"

"Mashine anachukua Apolonia."

"Apolonia ndiye nani?"

"Rafiki yangu. Yuko kwenye orodha ya wanaosubiri. Yeye hana kosa lolote, Mama."

Mzee Bushiri alitazama nyuso zao mbili. "Imekuwaje?" aliuliza. "Mbona mmenuna?"

Bi Shufaa alimpungia mkono. Nusrat naye, kwa mara ya kwanza, alimpungia mkono. Kisha akaingia chumbani, akajisikia vibaya sana.

Kuanzia siku hiyo hofu ilihamia ndani ya Nusrat. Aliamka nayo alfajiri, akaswali nayo. Chakula hakikupita. Kila akiufikiria ule ukumbi wa mtihani kule Iringa, aliisogeza sahani pembeni. Aliogopa mtihani. Zaidi aliogopa kuikabidhi mashine na kurudi nyumbani mikono mitupu, baba aendelee kutazama midomo mpaka mwisho wa maisha yake.

Alifanya mazoezi kwa bidii, hilo tumpe haki yake. Chuo kiliwapa rekodi tatu za mazoezi. Ya kwanza ilihusu wakulima wa viazi, ya pili usalama barabarani, ya tatu mkutano wa shule. Nusrat alizicheza kwenye simu kuanzia asubuhi hadi saa kumi, saa nyingine bila hata kunywa maji. Aliongeza kasi ya rekodi. Vidole vilikwenda mbio. Maneno themanini kwa dakika yakawa tisini. Tisini yakawa mia na kumi.

Bi Shufaa alisimama mlangoni akitazama skrini inavyojaa.

"Sasa hapo umeshindwa nini?" aliuliza. "Mbona unaandika kuliko redio inavyosema?"

"Sijui, Mama. Hapa naandika. Kule mikono inakufa. Naisikia sauti, lakini vidole vinakataa."

Bi Shufaa aliingia, akarudisha mlango. "Hilo ni jicho la mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wamekuona unasoma chuo, hawakulala."

Akafukiza ubani chumba kizima. Akamsomea dua, akampulizia viganjani. Dua ni jambo jema na simlaumu mama yeyote kwa kumwombea mtoto wake. Lakini ubani ulipoisha moshi, Nusrat alikuwa na hofu mpya juu ya ile ya zamani. Sasa aliogopa pia kwamba ameharibiwa.

Baba yake alikuja kukaa naye mchana, duka likiwa limefungwa kwa swala. Alivuta kigoda karibu na kompyuta.

"Niandikie mama yako anasema nini huko jikoni," alisema.

Nusrat alitikisa kichwa. Akaonyesha kwa mkono, kesho. Aliogopa baba asome makosa. Alitaka siku baba atakaposoma, maneno yawe safi yote. Mzee Bushiri aliitikia "sawa" akarudi dukani. Alikuwa ameshaambiwa kesho mara nne.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo.

Jirani yao aliitwa Mama Gerson. Alikuwa mwenyeji wa Tukuyu, mjane, mhazili mstaafu. Miaka thelathini na mmoja aliandika hatimkato ya kalamu katika ofisi za serikali na mahakamani. Jumatatu jioni alikuja na ndizi za kupika, kwa sababu hakuwa mtu wa kwenda kwa jirani mikono mitupu.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Gerson," aliitikia Bi Shufaa. "Pita ndani."

"Shikamoo, Mama Gerson," Nusrat alisimama.

"Marahaba, mwanangu. Ndaga, asante. Kaa, kaa. Nasikia hiyo mashine inagonga tangu asubuhi. Na kila siku nasikia habari za viazi. Hata mimi sasa ningeweza kulima."

Bi Shufaa alicheka. Kisha akaeleza yote, mtihani na mikono inayokufa. La jicho alilisema mwisho, kwa kunong'ona. Mama Gerson alisikiliza bila kumkatiza. Hakumbishia lolote.

"Una karatasi ya hiyo habari ya viazi?" alimwuliza Nusrat.

"Ninayo. Chuo kilitupa."

"Nipe. Nataka nikusomee mwenyewe. Polepole tu. Maneno hamsini kwa dakika."

Nusrat alikaa. Hamsini ilikuwa kasi ya mtoto. Mzee Bushiri alikuwa amefunga duka, akaingia na kukaa mbele ya skrini kama kawaida yake, mikono magotini. Safari hii Nusrat hakumzuia. Habari ya viazi aliijua, hakukuwa na makosa ya kuficha.

Mama Gerson alivaa miwani. Alisoma kwa sauti tulivu.

"Mkuu wa wilaya amewataka wakulima wa viazi kutunza mbegu zao mahali pakavu."

Vidole vikaenda. Skrini ikaandika.

"Amesema wafugaji wengi wa nyuki wamepata hasara msimu uliopita," aliendelea Mama Gerson, uso wake haujabadilika. "Mizinga iliwekwa chini ya vitanda, na wenye nyumba wakahama."

Vidole vya Nusrat vilikwenda bila kusita hata kidogo. Mama Gerson akaweka karatasi mezani. Mzee Bushiri alisogea mbele, akasoma skrini, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni kweli kabisa," alisema kwa sauti yake kubwa. "Mbegu ya viazi ikipata unyevu, umepoteza msimu. Nani amesema hayo? Wewe, Mama Gerson?"

Bi Shufaa aliweka mkono mdomoni.

Nusrat aliinua macho kwenye skrini. Kulikuwa na viazi. Kulikuwa na unyevu, ghala na hasara ya msimu uliopita. Nyuki hawakuwepo, wala vitanda. Alikuwa ameandika sentensi mbili nzima ambazo hakuna mtu aliyezisema chumbani humo, na baba yake alikuwa amezisoma na kuziamini.

Alitoa mikono kwenye mashine kwa haraka, akaificha chini ya mtandio.

"Umeona?" Mama Gerson aliuliza taratibu.

"Nimeona."

"Nani amesema ghala?"

"Hakuna."

"Lakini yeye amesoma ghala. Na hana njia ya kujua."

Nusrat alianza kulia. Mzee Bushiri aliuliza kuna nini, na Bi Shufaa akampungia mkono. Mama Gerson alisogeza kiti chake karibu na msichana.

"Sikiliza, mwanangu. Hujarogwa, na mikono yako haijafa. Umekariri. Umezicheza rekodi tatu mara nyingi mpaka vidole vimezishika. Sasa vidole havimsikilizi tena anayesema. Vinakimbilia vinachokijua. Kule Iringa walisoma habari mpya, vidole vikatafuta viazi, havikuona viazi, vikasimama. Basi. Ni kosa la sisi wa kazi hii tu. Mtu mvivu hawezi kulifanya. Nililifanya mimi."

"Wewe, Mama Gerson?"

"Mimi. Na langu lilikuwa baya kuliko hili." Alivua miwani. "Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Kulikuwa na kesi ya wizi. Mashahidi wanne walikuja, mmoja baada ya mwingine, wote wakasema walimwona mshitakiwa pale getini jioni. Jioni, jioni, jioni, jioni. Akaja wa tano, mlinzi. Yeye akasema alimwona asubuhi. Mkono wangu ukaandika jioni. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimezoea. Yule kijana aliyeshitakiwa alikaa rumande siku kumi na moja zaidi, mpaka wakili alipobisha na mlinzi akaitwa tena. Siku aliyotoka alipita mbele ya meza yangu akaniamkia. Hakujua kitu. Mimi nilijua."

Bi Shufaa alisema, "Maskini," na haikujulikana anamsikitikia nani.

"Tangu siku hiyo nilikuwa naogopa kila nikishika kalamu," alisema Mama Gerson. "Sikukatazi kuogopa, Nusrat. Ila uogope kitu sahihi. Wewe unaogopa kukosea mbele ya watu. Uogope kuandika ambacho hakikusemwa."

"Sasa simu siku hizi si zinaandika zenyewe?" Bi Shufaa aliuliza. "Si bora aachane nayo?"

"Zinaandika. Mwanangu Gerson alinionyesha. Nilisema sentensi moja ya Kiswahili na maneno mawili ya Kinyakyusa, ikaniandikia vituko. Na watu wawili wakiongea pamoja inachanganyikiwa, lakini haisemi kwamba imechanganyikiwa. Mtu anaweza kuinua mkono akasema, samahani, rudia, sikukusikia. Hiyo ndiyo kazi yake."

Nusrat alipangusa uso. "Nimebakiwa na siku kumi na mbili. Nifanyeje?"

"Kwanza zifute rekodi hizo."

"Zote?"

"Zote. Kwenye simu na hiyo karatasi. Habari moja usiiandike zaidi ya mara tatu. Ya nne siyo mazoezi tena, ni wimbo."

Nusrat alizifuta. Ilikuwa vigumu kuliko unavyodhani. Zile rekodi ndizo zilikuwa zinamwambia kwamba anaweza. Zilipotoka kwenye simu alibaki na yale hamsini na mawili ya Iringa.

Kesho yake saa tatu asubuhi Mama Gerson alirudi, na mfuko wa karatasi za kila aina. Kulikuwa na gazeti lililofungia maandazi, tangazo la harusi ya kanisani, maelezo ya dawa ya mifugo. Alisoma maneno hamsini kwa dakika. Nusrat alikosea neno la sita, akasimama, akaanza kufuta.

"Usisimame," Mama Gerson alisema huku akiendelea kusoma. "Umefuta moja, umepoteza manane. Acha pengo, nifuate."

"Pengo litaonekana."

"Lionekane. Anayesoma akiona pengo anauliza. Asipoona pengo anaamini."

Walipomaliza, hakumruhusu aanze habari nyingine. Alimwambia asome kwa sauti alichoandika, mstari kwa mstari, na kutia alama penye kila kosa. Nusrat aliona aibu, lakini baada ya siku mbili aliona pia kitu kingine. Makosa yake hayakuwa mia. Yalikuwa kama saba yanayojirudia. Kidole chake cha pete cha kushoto kilichelewa. Kila neno lililokihitaji lilitoka bovu. Akakifanyisha kazi peke yake, dakika kumi kila asubuhi, polepole mpaka kikaja sawa na wenzake.

Mama Gerson alimkagua mwili pia. "Shusha mabega. Umeyapandisha mpaka masikioni. Na viganja usivilaze kwenye ukingo wa meza, vitakufa ganzi. Piga dakika ishirini, kisha inuka, kanyoshe mikono, kachote maji. Saa saba mfululizo ni kujiumiza tu."

"Na kasi? Wao wanataka themanini."

"Anza na kasi ambayo hukosei. Hata kama ni hamsini. Ikisafika, panda kidogo. Mara moja kwa siku nitakukimbiza, nitasoma tisini kwa dakika mbili, uvurugike unavyotaka. Kisha nitashuka sabini. Utaona sabini imekuwa ya kutembea."

"Nikisikia neno naliandika hapo hapo, lakini la pili linanikuta bado niko kwenye la kwanza."

"Ndiyo, maana unamkanyaga msemaji visigino. Kaa nyuma yake maneno mawili au matatu. Acha kwanza maana ifike."

Jioni ya siku ya tatu Nusrat alifanya jambo lililomwogopesha kuliko yote. Wakati wa chai ya saa kumi na moja alileta mashine sebuleni. Akageuza skrini kumwelekea baba yake. Kwanza aliandika maelezo yake mwenyewe. "Baba, nitakosea sana. Penye alama ya nyota sikusikia au sikuwahi. Uliza."

Mzee Bushiri alisoma, akavuta kigoda.

Bi Shufaa na Mama Gerson waliongea habari za bomba la mtaa. Waliongea wote kwa pamoja. Skrini ikawa nyota tupu. Mikono ya Nusrat ikaanza kuwa mizito kama kule Iringa. Akainua mkono mmoja.

"Samahanini. Mmoja mmoja, tafadhali."

Wanawake wakatazamana. Wakaanza upya, kwa zamu. Mzee Bushiri alisoma. Alifika penye nyota. "Hapa bomba limefanya nini?" aliuliza. Nusrat akamwuliza mama yake, mama akarudia, neno likatokea. Mzee Bushiri akasema, "Fundi wa mwisho ndiye aliyeliharibu. Nilimwona." Na mazungumzo yakaendelea, naye akiwa ndani.

Alisoma makosa ishirini siku ile na hakulalamikia hata moja.

Usifikiri baada ya hapo mambo yalinyooka. Siku ya saba ya mazoezi alikuwa amefika themanini na nne sahihi kati ya mia. Siku ya nane akashuka sabini na sita. Aliifungia mashine ndani ya begi, akalisukuma begi chini ya kitanda, akajifunika shuka mchana kweupe. Mama Gerson alipokuja alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimeshuka," Nusrat alisema ndani ya shuka. "Siku nne zimebaki na nimeshuka."

"Kile kidole cha pete ulikibadilishia njia jana, au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi kidole kikijifunza njia mpya, kwanza kinasahau ya zamani kabla hakijaishika mpya. Kila mwanafunzi wa kazi hii anashuka kabla ya kupanda. Wanaoacha huacha siku ya namna hii. Leo pumzika. Kesho saa tatu nitakuja, na nitakuwa na maelezo ya dawa ya kuku."

Siku ya tisa ilikuwa themanini na nane. Ya kumi, tisini na moja. Tisini na tano hakuwahi kuiona. Alipanda basi la Iringa bila hata mara moja kuifikia.

Upepo wa Iringa ulikuwa unavuma pale kilimani, madirisha ya ukumbi yakigongagonga. Warudiaji walikuwa wanne. Mwalimu Liberatus, mkufunzi wao, alisimama mbele akiwa na karatasi moja. Alikuwa mpole, lakini siku ya mtihani hata mtu mpole hutisha. Nje kwenye benchi Apolonia alikuwa amekaa, akisubiri kujua kama mashine itakuwa yake. Walikuwa wamesalimiana asubuhi, na kila mmoja alishindwa kumtazama mwenzake.

"Tayari?" Mwalimu Liberatus aliuliza. "Tunaanza."

Nusrat aliweka vidole kwenye vitufe. Alishusha mabega. Akatoa pumzi yote, taratibu. Akajiambia asikilize neno linalofuata tu, lile moja.

"Wachuuzi wa nyanya wa Ilula huanza kazi kabla ya jua kuchomoza."

Hakuwahi kuisikia habari hiyo. Aliacha maneno mawili yatangulie, kisha akafuata. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili, Mwalimu alisoma kwamba wachuuzi hukimbia na ndoo zao wakiona linakuja, na vidole vya Nusrat vilishaanza kwenda kuandika basi. Mwalimu akasema lori. Nusrat akaandika lori.

Dakika ya tatu dirisha liligonga kwa nguvu. Maneno manne au matano yakapotea. Mikono ikasimama. Ile hofu ya kwanza ikaja yote, ukumbi ukawa mbali. Alitamani kurudi nyuma, atafute alichokikosa. Hapo ndipo angeweza kujaza kwa kukisia, na hakuna ambaye angemwona. Akabonyeza nyota. Akamfuata Mwalimu.

Waliosahihisha walichukua saa moja na nusu. Nusrat alikaa kwenye benchi na Apolonia, wameshikana mikono, wote wanaogopa, kila mmoja kwa upande wake. Mwalimu Liberatus alitoka na orodha.

"Nusrat Bushiri. Tisini na sita."

Nusrat hakuinuka. Alimwomba arudie, na Mwalimu akarudia.

"Uliacha pengo moja," Mwalimu aliongeza. "Mwenzako amejaza pale kwa maneno yake, akaachwa nyuma na yaliyofuata. Amepata sitini na tatu."

Mashine ya mwenzake huyo ilikwenda kwa Apolonia. Apolonia alilia kwa furaha, kisha akamwangalia yule aliyeipoteza, akafuta machozi. Nusrat alimpeleka Apolonia pembeni, akamwambia mambo yote ya Mama Gerson kabla hata hajafungua begi la mashine. La kwanza lilikuwa kuzifuta rekodi tatu za chuo.

Mwisho wa mwezi Nusrat aliruhusiwa kwenda nyumbani siku tatu. Jumapili alasiri Mzee Bushiri hakufungua duka. Wote watatu walikaa sebuleni, mashine mapajani mwa Nusrat, skrini mbele ya baba. Bi Shufaa alikuwa amekunja kanga yake mara nyingi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mwambie baba yako," alianza.

"Mwambie mwenyewe, Mama. Mtazame yeye. Mimi sipo hapa."

Nusrat alidhani mama atazungumzia bati la jikoni linalovuja. Jana yake nzima alizungumzia bati. Vidole vilishakaa tayari kwa bati.

Bi Shufaa alimtazama mume wake.

"Baba Nusrat," alisema. "Siku ile ulipozinduka hospitali, uliniita. Nilikuwa nimekaa hapo hapo ubavuni kwako. Nikaitika. Ukaniita tena, nikaitika tena. Ukasema, mbona huniitikii. Nikaitika kwa sauti mpaka nesi akaja kunitoa. Ukageukia ukutani. Hatukujua kuwa masikio yameondoka. Nilikuwa naitika, Baba Nusrat. Kila ulipoita niliitika."

Nusrat aliandika. Macho yalijaa machozi na skrini hakuiona tena, lakini mashine hiyo haihitaji macho. Aliweka kila neno pale lilipokuwa, halikupungua wala kuongezeka.

Mzee Bushiri alisoma taratibu, midomo ikitembea. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena. Akavua kofia yake, akaishika magotini.

"Nilijua ulikuwepo," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa kubwa. "Nilidhani umenichoka."

"Sikukuchoka," alisema Bi Shufaa.

Nusrat akaandika hilo pia.